Kompyuta Ilisema Bibi Kulwa Yuko Kalenga

Nimemshika bibi mkono, nampima presha, hapahapa Uyole, Mbeya.

Kishikwambi kinaniambia bibi huyohuyo yuko Kalenga, Iringa, na kashapimwa presha asubuhi hii.

Kudadeki.

Nikatazama kioo. Nikamtazama bibi. Nikarudi kwenye kioo.

"Unanikodolea nini, we kijana? Nimekufa?"

"Bado, bibi."

"Basi fungua hilo dude, linanibana."

Ngoja niwaeleze vizuri, maana hata mimi siku ile nilidhani nimerogwa.

Naitwa Asukile, ni nesi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wenye nyumba yetu wana nyingine kule Kalenga. Miaka yote tulikuwa tunaandika kwenye mafaili ya karatasi. Panya wanakula, sisi tunaandika upya, maisha yanasonga.

Mwaka jana makao makuu wakaleta mfumo. Akaja jamaa wao wa kompyuta, Jofrey, viatu vimechongoka kama mkuki. Akatufundisha asubuhi moja, akala wali wetu, akasepa.

Kazi yenyewe: kila mzee apigwe picha, yaandikwe jina lake, magonjwa yake na dawa zake. Nyumba zote mbili zinaona kitu kimoja. "Mfumo unalinganisha sura," Jofrey alijisifu. "Hata mzee akijisahau, wenyewe utamkumbuka."

Wazee wala hawakushtuka. Mzee Saulo aliuliza kama kile kitu kinaonyesha mpira. Nilipomwambia hapana, akageukia ukutani.

Ndipo ikafika zamu ya Bibi Kulwa.

Huyu ni Msukuma, alikuja bonde la Usangu akiwa msichana, familia yao inaswaga ng'ombe kutafuta malisho. Ulimi wake unaweza kuchuna ng'ombe akiwa hai. Nikampiga picha, nikaandika "Kulwa", nikabonyeza.

Kioo kikawa chekundu. "Mkazi huyu amekwishasajiliwa. Kituo: Kalenga."

Likafunguka faili lake. Ana kisukari, anywe vidonge asubuhi na jioni.

"Bibi, kumbe una sukari?"

"Sukari? Naitafuta kwenye chai yenu siioni, leo iko mwilini?"

Nikampima. Hana sukari hata ya kulambisha sisimizi.

Nikampigia Jofrey.

"Hiyo ni mtu mmoja kaandikwa mara mbili," akasema, anatafuna kitu. "Unafuta mmoja, yameisha."

"Yupi?"

"Yeyote, bro. Si mtu yuleyule?"

Nikamwambia asubiri kwanza. Nikapiga Kalenga, akapokea nesi wa huko, Benedicta, Mhehe asiyependa utani akiwa kazini.

"Kamwene, dada. Mna bibi anaitwa Kulwa?"

"Tunaye. Yuko mbele yangu anakunywa uji."

"Haiwezekani. Yuko mbele yangu ananitukana."

"Wako anatukana?" akauliza. "Wangu haongei, kaka. Akili zimemtoka kitambo. Majirani ndio walimleta, mume kafa, watoto hana. Wenyewe walikuwa wanamwita Bibi Msukuma tu."

Nikamwomba picha. Ikaingia WhatsApp.

Aisee, ni yeye mtupu. Pua ileile. Paji lilelile. Hata ile namna ya kukunja mdomo kama anayeonja maziwa yaliyoganda.

Nikampa Bibi Kulwa simu.

"Nani kanivalisha sweta baya hivi?" akaanza. Akaisogeza simu karibu na macho. "Huyu si mimi. Mimi si mbaya hivi."

Halafu akakaa chini.

"Doto," akasema.

Pacha wake. Mume wa Doto alimchukua wakaelekea upande wa Iringa kutafuta mashamba. Baadaye ikaja habari kwamba amekufa kwa uzazi. "Tulimlilia," bibi akasema. "Tulinyoa nywele. Mama alikufa anajua Doto ametangulia."

Hapohapo simu ikalia. Benedicta, sauti juu.

"Kaka, mmefanya nini? Bibi hayumo! Dirisha la dawa hapa linatoa kwa mfumo tu, na mfumo unasema hakuna mtu kama huyo!"

Jofrey. Hakusubiri. Alikuwa amefuta wa Kalenga.

Nikampigia tena. "Mrudishe bibi."

"Kurudisha ni mpaka kibali cha bosi, na bosi yuko semina."

Msimamizi wetu, Sista Faustina, alikuwa amesimama mlangoni anasikia yote. Mama mpole, yeye hata inzi humwomba radhi. Akanipokonya simu.

"Jofrey, mwanangu. Huyo bibi kapona malaria, kapona uzazi, kapona mazishi ya ndugu zake. Wewe umemuua kwa kidole. Mfufue sasa hivi, au nakuja hapo na basi la kwanza, na sitakuja kusali."

Bibi akafufuka kabla chai haijapoa. Dawa zikatoka.

Sasa mzuie Bibi Kulwa asiende Kalenga. Thubutu! Alipanda gari la kituo kabla dereva hajapata funguo. Njia nzima anagomba: dereva anajivuta, Makambako baridi, Mafinga miti mingi mno, ng'ombe wangepita wapi.

Tulipoingia Kalenga akafunga vizuri kitenge chake. Akashika mkono wangu.

Yule bibi mwingine alikuwa kwenye benchi, anaota jua, macho hayapo popote. Bibi Kulwa akamsogelea taratibu, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila."

Yule akainua uso.

"Kulwa," akasema.

Benedicta akacheka kwa huruma. "Ndilo neno pekee lililobaki. Siku ya kwanza tulimuuliza jina, akasema Kulwa. Njaa, Kulwa. Baridi, Kulwa. Usiku akishtuka, Kulwa. Ndiyo maana tukaandika..."

Akaziba mdomo.

Bibi wa watu hakuwahi kutaja jina lake hata siku moja. Alikuwa anaita.

"Nipo," Bibi Kulwa akamjibu. "Acha kupiga kelele, nipo." Akakaa, akaanza kumfunga vizuri vifungo vya lile sweta baya, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

Mimi nilijidai naangalia tairi la gari.

Bibi Kulwa hakurudi Uyole. Alisema kwetu kuna vumbi la malori. Benedicta akaniambia Doto bado haongei mengi, ila usiku halii tena, na anakula vizuri mpaka wamempunguzia dawa. Kwenye mfumo sasa wako wawili, Kulwa na Doto, na Jofrey kaongeza swali jipya: "Je, mkazi ana pacha?"

Wengine watasema kompyuta ilikosea. Mimi nasema ilijitahidi, ilituonyesha sura mbili, sisi ndio tukakimbilia kufuta. Kwa hiyo, ndugu yangu unayelea mzee nyumbani: akirudia neno moja kutwa kucha, usiseme kachanganyikiwa. Muulize anamwita nani.