Dawa Itangulie Maumivu

Chumba cha Shangazi Zuhura kilinukia asumini na ubani, na chini yake, ukikaribia kitanda, kulikuwa na harufu nyingine ambayo nyumbani hakuna aliyeitaja. Ilitoka kwenye kidonda cha titi. Saratani ilikuwa imeshaenea, hospitali ikamrudisha kwetu Mji wa Kale. Ilikuwa miaka ya sitini, nami nina miaka tisa, na kusema kweli nilifurahi: shangazi yangu, mshona kofia asiyekuwa na nafasi hata ya kujikuna, sasa alikuwa wangu mchana kutwa. Nikirudi kutoka chuo cha Kurani nilijilaza ubavuni pake tukatazama dari. Zile boriti tulizifanya barabara. Moja ilikwenda Lamu, moja Maka, na ile iliyopinda ilikwenda kwa muuza halua ikapotea njia. Mwanga uliingia kwa vipande kwenye nafasi za mbao za dirisha, na nikiutazama sana niliona kama chumba kizima kinatembea taratibu, nasi tumo.

Maumivu yakija, barabara zote zilifungwa. Shangazi aliuma ncha ya leso, uso ukawa wa mtu nisiyemjua. Chupa ya dawa ya kuyatuliza ilikuwapo, juu ya kabati, lakini Bibi, mama yake, alimpa kijiko pale tu alipolia kwa sauti. Sista Felista, muuguzi wa kutoka bara aliyekuja kuosha kidonda, alikuwa ameagiza apewe kila baada ya saa nne, awe anaumwa au haumwi. Bibi aliitikia vizuri, akamkaribisha kahawa, na mgeni akishatoka akafanya yake.

Alasiri moja Sista aliiinua chupa kwenye mwanga akaona haijapungua.

“Mama, hii mnamwekea nani?”

“Simnyimi kwa roho mbaya, mwanangu,” Bibi akasema polepole. “Dawa hii inalaza. Saa yake ya mwisho ikifika naye amelala, shahada ataitamkaje?”

Aliyejibu ni Shangazi, macho kafumba.

“Mama, jana nilianza Alhamdu mara tatu, zote tatu nikapotea katikati. Na dawa sikuwa nimepewa.”

Bibi alikaa kitako pale pale mkekani.

“Mpe siku tatu kwa saa zake,” Sista akamwambia. “Mwanzo atalala sana, maana ana deni la usingizi wa miezi. Asipokujibu vizuri siku ya tatu, imwage mwenyewe.”

Kweli alilala. Bibi alikaa na tasbihi, kila mara akimwekea kidole puani kuona kama anapumua. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, alianza kumsomea Yasini kwa moyo. Alikuwa amefika mbali kidogo Shangazi aliposema, bila kufumbua macho, “Mama, umeruka aya.”

“Sikuruka.”

“Umeruka. Rudi nyuma, au nikusomee mimi?”

Bibi alirudi nyuma. Kisha akajifuta macho, akasema, “Mgonjwa, lakini ujuaji hauishi.” Tangu hapo yeye ndiye aliyeikodolea macho saa ya ukutani, na kijiko kilitangulia maumivu.

Shangazi aliishi siku kumi na moja zaidi. Alikula mkate wa mofa, akamcheka kila jirani aliyekuja kumwangalia, akanifundisha kutoboa vitundu vya nakshi kwenye kofia. Asubuhi moja alitamka shahada, taratibu, mkono wake ndani ya mkono wa Bibi, akaenda.

Leo mimi ni mkubwa kuliko Shangazi alivyokuwa. Wauguzi wanaozipitia nyumba za wagonjwa ni wengi zaidi, na dawa ile inajulikana. Hata hivyo, nikienda kumwangalia mgonjwa, mara nyingine huikuta chupa juu ya kabati, imejaa, na hofu ni ile ile. Siwacheki jamaa zake, maana ni hofu ya mapenzi. Nawasimulia habari za Shangazi, na wote huniuliza kama aliiwahi shahada. Bibi, mpaka uzeeni, hakuwa akisimulia kifo kile. Alisimulia zile siku kumi na moja, moja moja, nani alikuja na nini kilichekesha, na kila akifika mwisho alisema, “Nilikaribia kumnyima hizo.”