Kinyaa cha Bwana Sabuni

Katika lile banda la ndege, mtu pekee aliyefua kitambaa cha kufutia oili alikuwa Bwana Sabuni. Alikifua, akakipiga pasi, akakikunja mara nne, akakiweka katika mfuko wa kifuani wa ovaroli yake nyeupe, pale ambapo wenzake wote huvaa rangi za kuficha uchafu. Kazi yake ya maisha ilikuwa kurusha ndege za kunyunyizia dawa mashambani, na alikuwa akisema harufu ya dawa ile ilimwingia mpaka kwenye mifupa, hivyo ananawa akiitafuta. Kitasa cha choo alikifungua kwa kiwiko. Akialikwa kula mahali, alitaka kwanza kuonana na sufuria.

Mkewe ni fundi wa injini za ndege. Kucha zake hazijawahi kuwa na rangi nyingine ila nyeusi. Siku ya posa alimwambia achague, mikono safi au mke. Bwana Sabuni alichagua mke, kisha akaongeza mche mmoja wa sabuni.

Ndege waliyokuja kuifufua wawili hao, ndogo, ya viti viwili, waliikuta nyuma ya karakana ya klabu moja ya urubani. Njiwa walikuwa wameihamia. Kinyesi chao kilikuwa kimekula rangi mpaka bati likaonekana, mkojo wa panya ulikuwa umetoboa mbavu za bawa, na kiti cha rubani kilivuja kitu kama mchuzi ulioganda. Bwana Sabuni alisimama kando, leso puani, akasema hajawahi kuona kitu cha kutapisha namna ile. Hakumaliza wiki kabla ya kuinunua.

Alikuwa amestaafu, na nyumbani, kwa maneno yake mwenyewe, amekuwa mtu wa kungojea chai. Cheti chake cha afya cha urubani kilikuwa bado hai. Mkewe akampa ahadi: injini ikiwaka na kupita majaribio, ataruka mzunguko mmoja wa uwanja, peke yake. Ahadi hiyo ndiyo iliyomfanya asugue mabati yale kwa miaka kadhaa. Juma la mwisho alipewa kazi ya kusafisha nyuma ya silinda, mahali penye giza na pembe nyingi. Mkewe alipouliza kama amemaliza, alijibu kwamba pale sasa mtu anaweza kupakua chakula. Fundi makini huamini tochi, haamini maneno. Lakini kwa mambo ya usafi neno la mumewe lilikuwa muhuri, na tochi ikabaki sandukuni.

Asubuhi ya majaribio walifika pamoja, mzee akiendesha gari. Alipokwenda kunawa, na kunawa kwake ni safari, mkewe aligundua kioo cha kipimo cha joto la silinda kimepasuka. Injini ingeweza kuwashwa bila kipimo hicho. Akakitoa, akaziba tundu lake kwenye dashibodi kwa utepe mweusi, akaendelea na mengine.

Mpakaji rangi wa banda la jirani, mrefu mwembamba anayeitwa Kijiti, alikuja kushika kizimamoto.

“Shemeji,” alisema, “mzee akiingia vumbi leo, nizime moto au nimwogeshe?”

Fundi alizungusha propela kwa mkono ili oili itembee, akasogea pembeni. Mzee akawasha. Injini ilikohoa, ikatema moshi, ikakohoa tena, kisha ikashika. Ndani ya nusu dakika presha ya oili lazima ipande, la sivyo izimwe. Mzee alionyesha dole gumba. Mlio ulitulia, na Kijiti akaanza kucheza mguu mmoja.

Harufu ilianza kama nywele zilizoungua. Ukafuata mkojo, mkojo wa siku nyingi uliochemshwa. Kisha nyama, na hapo Kijiti akaacha kucheza. Moshi wa rangi ya chai ulichuruzika chini ya boneti. Fundi alipitisha kiganja shingoni: zima. Mzee alitabasamu, akaonyesha dole gumba. Fundi akapunga mikono yote miwili. Dole gumba tena.

Alizunguka kwa nyuma, mbali na propela, akafungua mlango, akazima mwenyewe. Ufunguo akautia mfukoni, maana anayeingiza mkono kwenye injini ndiye hukaa nao.

Boneti ilipofunguka, Kijiti alitoka nje kutapika. Kiota cha sufi ya kiti, karatasi na mavi makavu kilikuwa kimegandamana na silinda ya nyuma, tabaka juu ya tabaka. Ndani yake mama panya na watoto wake wekundu, wasio na manyoya, walikuwa wameiva upande mmoja. Mafuta yao yalidondoka juu ya rangi mpya. Fundi aliwatazama, kisha akamtazama mumewe, na wa pili ndiye aliyemchefua zaidi. Panya hakuwa amemwambia uongo.

“Ulisema mtu anaweza kupakua chakula hapa.”

“Nilisafisha, Mama Watoto. Wamerudi tu.”

“Nimekupungia mara ngapi?”

“Nilikuwa natazama vipimo. Vyote sawa. Joto la silinda halikufika hata mia mbili.”

Mkewe aligeuka akautazama ule utepe mweusi. Mzee alikuwa amesoma joto kwenye tundu.

Akakumbuka michirizi ya rangi chini ya bawa, ambayo aliidhania uvivu wa uzee. Akakumbuka asubuhi ile kwenye makutano, taa ikiwa kijani, gari za nyuma zikipiga honi, mzee akieleza kwamba adabu barabarani imekwisha. Na jana yake ni mzee aliyekwenda na gari kuwachukua wajukuu shuleni.

“Tangu lini?”

Mzee alikunja kitambaa chake, akakikunjua. “Tangu tulipopaka rangi. Naona kama ukungu. Ningekwambia, ungeniacha niruke?”

“Nisingekuacha.”

“Basi.”

“Na wajukuu? Nao walikuwa wanangojea mzunguko wako?”

Mkewe alinyoosha kiganja, cheusi mpaka kwenye mistari, na mzee akaweka ufunguo wa gari juu yake kwa ncha za vidole, asiguse oili. Hata hapo.

Hilo ndilo lililommaliza mkewe. Alimshika kifundo cha mkono, akauongoza ule mkono ulionawa kutwa mpaka ukazama ndani ya kiota. Mzee alijikunja mzima, lakini hakuutoa.

“Bado kina moto,” mzee alisema.

“Toa.”

Alitoa konzi moja, akaitia ndooni, akarudisha mkono akipapasa. Mkono mweupe wa ovaroli ulilowa mpaka kiwikoni. Mkewe alimmulikia kwa tochi, akiwa ameziba pua.

“Kimebaki?” mzee aliuliza.

“Kimebaki.”

Akarudisha mkono.