Njia Tuliyoiacha Tukisubiri Katapila

Harufu ya ulanzi uliochacha, ile pombe yetu ya mianzi, bado inanipandisha hasira, na mimi hata sinywi. Kwetu Kilolo kijiji kiko juu mgongoni mwa mlima, zahanati iko bondeni, saa mbili kwa miguu, na njia ilikuwa moja tu, ile inayoshuka katikati ya mianzi. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake. Chetu kilianzia kwenye jiwe jeusi na kuishia kwenye gogo la kuvukia kijito. Mvua zikikaribia, kila nyumba ilitoa jembe: kufyeka, kuchimba mifereji ya kutolea maji, kukata ngazi kwenye udongo mwekundu. Aliyeacha kipande chake kiote majani alitozwa debe la ulanzi, na waliofanya kazi waliunywa mbele yake huku wakimsuta. Sheria hiyo hakuna aliyeiandika popote, ila ilishikwa kuliko amri kumi.

Nikiwa darasa la nne walikuja watu wawili na kopo la rangi nyeupe. Walichora alama kwenye miti, wakasema barabara inakuja, wakaondoka. Siku chache baadaye mwenyekiti wa kitongoji alimkuta mama kwenye kipande chetu, ameinama na jembe.

“Kamwene, mama Neema. Unafanya nini hapo?”

“Nalima kipande changu, mwenyekiti.”

“Katapila linakuja, mama. Au unalifagilia lisichafuke miguu?”

Waliokuwa wakipita walicheka. Mama naye alicheka, akaweka jembe begani, tukarudi nyumbani. Mwaka ule hakuna nyumba iliyolima njia. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tuliacha mbachao kwa msala ambao hatujauona ukipita mpaka leo.

Februari, mvua zikiwa zimekolea, mdogo wangu Yohana, mtoto wa miezi minane, alianza kuhema kwa shida, mbavu zikiingia ndani. Baba alikuwa Mafinga akipasua mbao. Alfajiri mama alimfunga mgongoni kwa khanga, akamfunika kipande cha turubai, nami nikatangulia na fimbo nikipiga majani. Njia haikuwepo. Maji yalikuwa yamejichimbia mfereji katikati yake, ngazi zimegeuka utelezi, mianzi imelala juu ya mianzi. Gogo lilikuwa limesombwa, ikabidi tupande na kijito mbali sana kutafuta pa kuvukia. Mama alianguka mara tatu, kila mara akitanguliza magoti na uso ili asimlalie. Kila baada ya hatua chache aliniuliza, “Neema, anahema?” Nikageuka, nikachungulia chini ya turubai, nikajibu, “Anahema.” Mara ya mwisho nilijibu bila kuchungulia. Niliogopa.

Tulifika saa nane mchana. Nesi alifungua khanga, akamuuliza mama tumetoka saa ngapi. Yohana tulimrudisha kwa njia ile ile. Msibani mwenyekiti alileta debe la ulanzi, watu wakanywa wakisema ni kazi ya Mungu. Kazi ya Mungu gani? Mungu hakuwahi kupangiwa kipande.

Sasa nakaa Mlandege, mjini Iringa, na nina binti wa miezi sita. Akikohoa namfunga mgongoni, natembea juu ya lami, nafika kwa daktari hata hajamaliza kulia. Kule juu asiyeziba ufa bado hajajenga ukuta. Wanasema barabara ipo kwenye mpango, na wajawazito wanashuka kwa kushikilia mizizi. Mama hajampakata mjukuu wake. Kila Jumapili akitoka ibadani hunipigia simu: “Mlete nimwone.” Namwambia mvua zikiisha. Jumapili iliyopita aliniuliza taratibu, “Mwanangu, unaogopa mlima, au unaniogopa mimi?” Nikasema mlima. Sikumwambia kwamba nawaogopa wote wanaokaa juu yake, wale waliocheka wakaacha njia, na yeye yumo.