Mto Chini ya Goti

Anayetaka kujua jinsi watu wema wanavyoweza kukulemaza, na alazwe wiki sita katika nyumba ya kupanga mtaani Umoja akiwa na goti lililopasuliwa. Mimi nililazwa. Nilikuwa na miaka ishirini, winga wa kushoto wa timu ya wasichana ya mtaa wetu, na tangu utotoni sikuwa nimewahi kukaa kitako siku nzima.

Siku niliyoumia hakuna aliyenigusa. Nalisema hili mapema kwa sababu kila aliyekuja kunitazama alitaka kusikia habari za beki katili, na nilipomwambia hakukuwa na beki alionekana kama mtu aliyenyimwa chai. Niligeuka na mpira kwenye uwanja wa murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, njumu zikakamata ardhi, mwili ukageuka na goti likabaki lilipokuwa. Kano ikakatika. Baada ya kuhangaika huku na huku nilifanyiwa upasuaji, nikakabidhiwa magongo mawili na kijana mmoja wa mazoezi ya viungo, ambaye sisi sote tulimwita fizio.

Fizio hakuwa na maneno mengi. Alisema kazi yangu ya kwanza si kutembea, ni kulinyoosha goti. Likipona likiwa limekunjwa litagandia hapo, na msichana ambaye goti lake halinyooki hakimbii, anachechemea mpaka kaburini. Basi nilale chali, kisigino juu ya taulo iliyoviringishwa, goti libaki hewani lishuke lenyewe.

"Usiweke kitu chini ya goti," alisema. "Utasikia raha ukiweka mto. Hiyo raha ndiyo itakumaliza."

Mama alikuwa ameketi pale pale, mkoba mapajani. "Tumesikia, daktari," alisema.

Tulipanda ngazi hadi ghorofa ya nne, mimi nikiruka na mguu mmoja, yeye nyuma ameshika sweta yangu kana kwamba sweta ingetosha kunizuia nikianguka. Mlango ulipofunguliwa nikaona kitanda changu kimehamishiwa sebuleni, maana mgonjwa hatembelewi chumbani, na katikati ya kitanda, mahali hasa ambapo goti langu lingefika, kulikuwa na mto mnene uliovalishwa foronya mpya.

"Mama, fizio amesema nini?"

"Amesema upumzike," alijibu, na kuingia jikoni.

Siku iliyofuata wakaja akina mama wa kanisa. Kwetu mgonjwa ni mali ya watu wote. Walikuja kumi na wawili, na mikate, na maziwa ya pakiti, na sukari ya kilo mbili mbili, wakajipanga kwenye makochi na viti vya kuazima. Mimi nilikuwa nimeondoa mto, mguu umenyooka juu ya taulo kama nilivyoagizwa. Wa kwanza kuniona alishika kifua.

"Huyu mtoto mguu unaning'inia hivi, na mnamwangalia tu?"

Mto ukarudi. Waliposimama kuomba na kufumba macho, nikauchomoa polepole nikausukuma chini ya kitanda. Maombi yalikuwa marefu na goti langu lilipata nafasi ya kushuka kidogo. Wakasema amina, wakafumbua macho, na mwenye mkono mwepesi kuliko wote akainama, akauokota mto, akaukung'uta vumbi na kunirudishia huku akiniambia Mungu ni mwema.

Nikieleza, wananisikiliza kwa huruma, na huruma yenyewe inawapeleka moja kwa moja kwenye mto. Nilichukua katoni, nikaandika kwa kalamu nene: USIWEKE KITU CHINI YA GOTI. Nikaitundika ukutani juu ya kichwa changu. Watu waliisoma. Mmoja aliusifu mwandiko wangu. Jirani wa ghorofa ya tatu, mke wa dereva, mama mpole kutoka Machakos, aliisoma kwa sauti mpaka mwisho, kisha akanipachikia mto.

"Mama, si umesoma?"

"Hapo pameandikwa 'kitu'," alisema. "Huu ni mto tu."

Nilidhani wachezaji wenzangu wangenielewa. Walikuja Jumamosi wakiwa wameloa jasho, wakajaa kitandani, wakamaliza mkate wa kanisa.

"Niaje, wa left?" nahodha aliniuliza. "Unarudi fildi lini? Kocha ameweka mwingine hapo kwako, lakini hana kitu."

"Nikinyoosha goti."

"Wewe poa tu. Unaishi kisonko, kila kitu unaletewa kwa bed." Na huku anaongea, huyo huyo aliyenipa pasi kwa miaka minne akauinua mguu wangu kwa adabu zote na kuuwekea mto.

Kulikuwa na zoezi jingine. Nilipaswa kulala kifudifudi, miguu ipite ukingo wa kitanda, na kitu kizito kifungwe kwenye kifundo kivute mguu chini. Sikuwa na vyuma, lakini sukari tulikuwa nayo ya kufungulia duka. Nilifunga pakiti ya kilo mbili kwa leso. Mama alipanda kutoka kibandani kwake, chini ya ploti, yaani jengo letu la kupanga, anakoshona sare za shule, akanikuta hivyo.

"Sukari ya wageni unaifungia mguuni?"

Akaifungua, akaenda kupika chai. Wageni walikuwa njiani.

Niliificha mito, akaleta blanketi lililokunjwa. Nikalificha blanketi, akachukua takia la kochi lenye kitambaa alichokifuma mwenyewe. Siku moja hasira zilinipanda nikaurusha mto nje kupitia dirishani, kutoka ghorofa ya nne, nikasikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu niumie. Baada ya dakika tano mlango ukabishwa. Mteja wa mama alikuwa ameuleta. "Mto wenu umeanguka," alisema, na kabla hajaondoka aliuweka mwenyewe panapofaa.

Tuliporudi kliniki, fizio alilipima goti kwa kile kirula chake chenye mikono miwili, akapima tena. Kisha akazungumza na mama kuliko na mimi. Alisema goti limeanza kuganda. Anatupa wiki nne. Lisiponyooka, nitarudishwa chumba cha upasuaji, nilazwe usingizi, linyooshwe kwa nguvu, na hata hapo haahidi kitu kuhusu mpira. Sasa anahitaji mtu nyumbani wa kuweka mikono juu ya goti, asubuhi na jioni, aliegemee kwa uzito wake wote, na ahesabu mpaka thelathini.

"Atalia," alisema. "Msimwachilie."

"Tumesikia, daktari," mama alisema.

Kesho yake asubuhi niliamka na mto chini ya goti. Aliuweka nikiwa usingizini. Nilikaa nikiutazama, nikashindwa hata kukasirika. Kwa muda nilidhani mama yangu ana upungufu fulani ambao familia yetu imeuficha.

Nilijaribu mwenyewe. Mkono wa mtu hukataa kumuumiza mwenyewe. Ukifika pale penye uchungu unalegea. Nahodha alikuja kunisaidia, akakandamiza mara moja, nikapiga ukelele, akaachilia na kurudi nyuma mpaka mlangoni. "Mimi siziwezi hizi mambo," alisema, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Huyo ni mtu ambaye nimemwona akicheza na jino lililong'oka likiwa mfukoni. Wiki ya kwanza ikaisha, na ya pili ikaanza.

Ilikuwa saa sita mchana mama alipopanda kunywa chai, futi ya kupimia nguo shingoni, nyuzi za bluu kwenye marinda. Akaweka kikombe chini, akauchukua mto kutoka kwenye kochi, akanijia.

Nikampigia kelele. Sijawahi kumpigia mama kelele, wala sipendi kukumbuka sauti yangu ilivyokuwa. "Ulikuwepo! Umeambiwa mara mbili, kwa Kiswahili. Nini kigumu hapo, mama? Nini usichokielewa?"

Hakunikemea. Aliketi ukingoni mwa kitanda, mto mapajani.

"Naelewa," alisema.

"Unaelewa nini?"

"Naelewa chote. Tangu siku ya kwanza." Alikuwa anaziokota nyuzi kwenye marinda, moja moja. "Likinyooka utarudi kule."

Jikoni maji yalikuwa yakijaza pipa.

"Siku ile walikuja kuniita kibandani," alisema. "Wakaniambia mtoto wako amevunjika, hainuki. Unajua mtu akiambiwa hainuki anafikiria nini? Nilikimbia na mkasi mkononi mpaka uwanjani. Hapo njiani nikamwambia Mungu, nipe huyu mtoto vyovyote atakavyokuwa. Akanipa." Akalitazama goti kwa mara ya kwanza bila kuliwekea kitu. "Mguu uliopinda kidogo hauui mtu, maitu. Cherehani ya pili iko pale kibandani. Ungekaa karibu nami, ushone."

Aliniita maitu, mama yangu, kama anavyoniita siku zote kwa sababu nina jina la mama yake. Nilikuwa nimemwona mjinga kwa wiki zote hizo na kumbe hakuwa mjinga hata siku moja. Hilo halikunipunguzia hasira, liliiongeza. Wale wengine walikuwa wananilemaza kwa kutojua. Huyu alijua.

"Niahidi hutacheza tena," alisema, "nami nitalikandamiza sasa hivi."

Ingekuwa rahisi kudanganya. Angeniamini. Lakini nilikuwa nimechoka na kila mtu katika nyumba ile kusema hivi na kufanya vile, mimi na mito yangu ya kuficha nikiwemo.

"Siwezi kukuahidi hilo," nilimwambia.

Aliuweka mto sakafuni. Kisha akasimama, akavua futi shingoni, akaenda kuufunga mlango kwa komeo, mchana kweupe, jambo ambalo halikuwahi kufanyika mgonjwa akiwa nyumbani. Akarudi, akaweka mikono miwili juu ya goti langu na kuliegemea. Nililia. Alihesabu kwa sauti, kwa Kikuyu, na alipofika thelathini hakuachilia, alirudia mwanzo. Machozi yake yalikuwa yakiniangukia mguuni na mikono haikulegea. Mtu alibisha hodi, akabisha tena, akaenda zake.

Tulifanya hivyo asubuhi na jioni. Hatukuzungumza juu ya yale tuliyoambiana. Siku mbili kabla ya kurudi kliniki, nyuma ya goti langu iligusa shuka. Niliihisi shuka pale, baridi, na kwa jinsi mama alivyoacha kuhesabu nikajua naye ameona. Hakushangilia. Aliendelea kuegemea, jasho likimtiririka.

"Siku za mechi uwe unaniambia," alisema hatimaye. "Zamani ulikuwa unanificha. Usiponiambia siku, inabidi niombe kila siku, na nimechoka."

"Huwa ni Jumapili, mama. Saa nane."

"Jumapili saa nane," alisema, kama mtu anayepokea vipimo vya nguo, akanisogezea mguu sawa na kuanza kuhesabu upya.