Mluzi wa Procolo

Sisi wa Pozzuoli, mji uliojengwa juu ya volkano, hatukungoja redio itwambie kama ardhi inapanda. Tulimtazama Procolo.

Procolo alikuwa mlinzi wa zile nguzo tatu za kale karibu na bandari, zenye matundu yaliyotobolewa na kome enzi ardhi ilipozama baharini. Maji yakijaa chini ya nguzo, ardhi imeshuka. Yakikauka, inapanda, na nyumba zinapasuka. Kila asubuhi akishayachungulia, hupita kwenye meza yangu ya samaki akipiga mluzi. Tukiusikia, tunafungua maduka. Basi.

Wavuvi walimtania kwa jina lake. Mtakatifu Procolo, msimamizi wa mji, tunamwita Kikojozi, maana kila tukimtoa kwa maandamano mvua hunyesha. "Kikojozi, leo suruali kavu?" wanamuuliza, naye anacheka. Mimi nilikuwa naitazama mikono yake. Mwaka ule wa 1983 kikombe chake cha kahawa kiligongana na kisahani mpaka nikaona haya kumwangalia.

Kilichomtisha ni mama yake, Fortunata, miaka themanini na minne, aliyeishi ghorofa ya tatu, juu ya chumba changu, miguu haimbebi. Bibi huyo alishasema hahamishwi na maneno ya serikali: siku Procolo akisema tushuke, atashuka. Mwanamume akabanwa hapo. Akimshusha, mtaa mzima utaona, na kwenye ngazi zetu nyembamba watu watakanyagana. Akimwacha, dari itamwangukia. Kwa hiyo akaendelea kupiga mluzi, ingawa maji yalikuwa yanapungua.

Septemba nzima ardhi ilitetemeka. Mashua zikakaa juu ya tope bandarini. Nililala na funguo kifuani, na sioni aibu kusema niliogopa.

Jumanne moja Procolo alikuja kimya. Kisu kilinidondoka.

"Titina, yamekauka," akaninong'oneza. "Yote."

"Sasa unangoja nini, mjinga wee? Kamchukue mama yako."

Akasema moyo wa mama ni dhaifu, akimtisha atamuua kwa mdomo wake mwenyewe. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikamshika mkono tukapanda. Ufa wa ukuta wa ngazi, ambao jana uliingia ukucha, sasa uliingia kidole kizima. Nilimsukuma aendelee kupanda.

Mama Fortunata alikuwa kitandani, blanketi mpaka kidevuni. Procolo akapiga magoti, akajaribu kutabasamu, akashindwa.

"Mama, tushuke kidogo, tukanywe kahawa nje."

Bibi akalifunua blanketi. Alikuwa amevaa koti, na viatu vyake vya kanisani, kamba zimefungwa mafundo mawili.

"Tangu Agosti nalala navyo," akasema. "Nakusikia huko chini unapiga mluzi, mwanangu, na mluzi wenyewe unatetemeka. Nikaogopa kukwambia kwamba naogopa."

Procolo alilia kama mtoto, kisha akambeba mgongoni. Tulipotokea barabarani, watu walikuwa madirishani. Hakuna aliyemwita Kikojozi. Nilifumba macho nikingoja mayowe, na miguu ikikimbilia ngazini.

Sikusikia kitu. Nilipofumbua, milango ilikuwa inafunguliwa mmoja mmoja, na majirani wanatoka taratibu, kila mtu na mabegi yake yaliyokuwa yamefungwa tangu siku nyingi.