Jino Nililokatia Uzi

Mafundi wenzangu, na nyinyi mnaokiogopa kiti cha daktari wa meno kama mimi, haya yamenipata mwenyewe. Mimi ni Mama Keza, nashona nguo hapa mtaani Muhima. Zamani mkasi wangu ulikuwa mdomoni. Nilikata uzi kwa jino la mbele la juu, kama alivyonifundisha shangazi kule Ngara, Tanzania, nilikokulia. Shangazi huyo akicheka hufunika mdomo kwa kanga. Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Jino lilianza kwa ufa mdogo. Nikinywa chai, linachoma. Nikapuuza, maana ulikuwa msimu wa harusi. Baadaye likaacha kuuma, nikasema limepona. Kumbe limekufa. Likageuka kijivu, na asubuhi moja niliamka mdomo umevimba hadi puani, juu ya fizi pana kipele kinachotoa usaha mchungu. Niliogopa sana, jamani.

Mume wangu akasema, "Ling'olewe, yaishe." Nikaiona akilini ile kanga ya shangazi, nikalia.

Daktari alikuwa dada mmoja mpole. "Mzizi umeoza kwa ndani," alisema, "lakini jino linaweza kubaki. Nitaingia kwa nyuma, kwa tundu dogo, nisafishe. Palipo pazima sipagusi. Jino la mbele ukilichonga sana, linabaki jembamba, linakatika."

Nikapanda kitini, macho nimeyafumba. Muuguzi akanishika bega, "Ihangane, mama," yaani vumilia. Daktari akatoboa kwa nyuma ya jino, na harufu iliyotoka humo hata mimi niliisikia. Akaweka dawa, akaziba kwa kizibo cha muda, akanionya nisiling'atie kitu hadi nirudi baada ya wiki mbili.

Siku ya tisa, bibi harusi amesimama mbele yangu amevaa mshanana wake, lile vazi la sherehe la kutupia begani, ndugu zake wanamsubiri nje. Nikamaliza pindo, nikainama, nikang'ata uzi. Nikasikia ka! Kitu kigumu kikaanguka ulimini.

"Fundi, kuna nini?" aliniuliza.

Sikuthubutu kufungua mdomo. Nilipanda pikipiki nimejifunika kitambaa, machozi yananitoka, na hata kupapasa kwa ulimi niliogopa. Nilijua jino limekwenda.

Daktari aliangalia kwa kioo chake kidogo.

"Kimetoka kizibo," alisema. "Jino lipo. Ningelichonga zaidi siku ile, leo ungekuja umelishika mkononi. Mama Keza, una mkasi?"

"Ninao."

"Basi utumie."

Alisafisha tena, na siku nyingine akaujaza mzizi na kuliziba kabisa. Namshukuru Mungu, namshukuru na yule dada kwa mkono wake usio na pupa. Jino lako likiuma kisha likanyamaza bila dawa, usishangilie, nenda likaangaliwe. Na kabla hawajakutoboa, uliza watakubakizia kiasi gani. Mimi mkasi nauvaa shingoni kwa utepe, na mahindi nayapukuchua kwa vidole. Hofu bado ninayo. Hata jana mkono ulipeleka uzi mdomoni wenyewe, nikashtuka.

Juzi nilimpigia shangazi simu ya video, nikamsimulia yote. Kisha akaishusha kanga. Meno mawili ya mbele hayakuwepo.

"Mwanangu," alisema, "miaka yote hii nilidhani ni meno yangu tu ndiyo mabovu."