Tarumbeta la Dada Anaeli

Kuna alasiri moja naikumbuka kama ya jana, mwanangu. Dada yangu Anaeli alisimama uani kwa mzee wa kanisa, huko kwetu mlimani Meru, amelikumbatia tarumbeta la usharika. Mwalimu wa bendi alikuwa amehamishiwa mbali, vijana aliopiga nao dada walikuwa wamesharudisha vyombo, na sasa ilikuwa zamu yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Liweke hapo kwenye benchi."

Hakuliweka. "Mzee, naomba nibaki nalo."

"Utampigia nani? Bendi imekufa."

"Sina wa kumpigia, mzee. Kuna wimbo unanikatikia pale katikati. Nataka niusikie ukitoka mzima, hata kama nitausikia peke yangu."

"Haya. Siku nikisikia limelala tu, nakuja kulichukua."

Halikulala. Kila akimaliza kukata majani ya ng'ombe, dada aliingia mgombani na tarumbeta lake. Ule wimbo ulifika katikati, ukakwama, akaanza upya. Majirani walikuwa wakipita njiani wanauliza kama kuna ng'ombe anaumwa kwa Baba Anaeli. Mimi niliona aibu kwa niaba yake. Yeye alicheka nao, kisha akapuliza tena.

Nilidhani ameumbwa na hamu isiyoisha. Lakini jioni moja ya mvua nilimkuta amekaa barazani, uso umemshuka, tarumbeta liko magotini.

"Leo hutaki?" nikamuuliza.

"Sitaki kabisa."

"Si uache?"

Akalifuta kwa upande wa kanga. "Siku kama hizi najiambia nipulize noti moja tu. Mara nyingi hamu inanikuta nimeshaanza. Isipokuja, angalau noti moja nimepiga."

Akapiga moja. Siku hiyo hamu haikuja. Akaingia ndani kumenya ndizi.

Mwanangu, wimbo ulitoka mzima msimu wa kahawa. Sisi tulikuwa tunachuma, yeye yuko kule kwenye migomba, tukasikia sauti inapanda, inapita pale ilipokuwa ikikwama, inaendelea hadi mwisho. Mama aliacha mkono kwenye tawi. Hakuna aliyepiga makofi. Nilipomfuata nilimkuta amekaa kwenye nyasi, machozi yanamtoka huku anacheka. Sijawahi kuona mtu tajiri kuliko dada yangu saa ile.

Baadaye aliolewa Moshono, akafundisha watoto wengi wa kule kupuliza. Juzijuzi uzee ulimng'olea meno ya mbele, na bila meno hayo tarumbeta halishikiki mdomoni. Akawekewa ya bandia. Nilipokwenda kumsalimu nilimkuta anapuliza noti moja moja kama anayejifunza leo, mwanamke mwenye wajukuu!

"Dada, hujachoka?"

"Nimechoka, mdogo wangu. Lakini tangu juzi midomo imeanza kukubali. Kaa, usikie."

Nikakaa.

Nyinyi vijana mnasikiliza wahamasishaji kwenye simu; asubuhi moyo unawaka, jioni umezima, halafu mnasema hamna bahati ya kuwa na bidii. Mimi nakuambia nilichokiona kwa dada. Tafuta jambo ambalo ungelifanya hata mwalimu akihama, hata wenzako wakirudisha vyombo. Usilisubiri likupendeze kila siku. Siku moyo ukiwa mzito, fanya kipande kidogo, kisha kalale bila kujilaumu. Na usijipime kwa wanaopita njiani. Jipime kwa pale ulipokwama jana. Sifa zikija, zipokee kwa adabu. Zisipokuja, kazi yako bado ni yako.

Mungu wa baba zetu akulinde, mwanangu. Akupe jambo la kulipenda, na pumzi ya kulifuata, na siku ukilifikia ukiwa peke yako, akujalie furaha ikutoshe. Amina.